Mashine Ilisema Nini?

Alhamisi asubuhi Adélaïde aliteleka maharage, akafagia ua, akanawa mikono. Kisha akaingia sebuleni kusikiliza wimbo wa marehemu mumewe.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuganduka, yaani siku ya kumaliza kilio. Mwaka ulikuwa umepita tangu Népomuscène afariki. Ndugu, majirani na wanakwaya wangekuja hapa nyumbani, mtaa wa Kanyosha. Wangekula, wangekunywa, wangemtaja marehemu kwa mema yake. Baada ya hapo mjane angerudi katika maisha ya kila siku kama watu wengine.

Turubai lilikuwa limeshakodiwa. Viti pia. Adélaïde alitaka kitu kimoja zaidi: watu wasikie sauti ya Népomuscène.

Népomuscène alikuwa kiongozi wa kwaya. Kabla ya kuugua, alikaa hapo sebuleni na gitaa lake, akajirekodi akiimba wimbo alioutunga mwenyewe. Wimbo huo ulikuwa ndani ya kompyuta yake. Haukuwa mahali pengine popote, si kwenye simu, si kanisani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani. Kioo na kibodi vilikaa juu ya meza. Sanduku la mashine lilikaa chini ya meza, limefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma Adélaïde kwa mkono wake. Katika nyumba hiyo kila kitu kilivaa. Viti vilivaa vitambaa, redio ilivaa, televisheni ilivaa. Népomuscène alikuwa na tabia moja iliyomuudhi mkewe. Kila alipotaka kuwasha mashine, alivua kitambaa kwanza, akakikunja, akakiweka kitini.

"We unavua kitambaa changu kila siku kama kina chawa," Adélaïde alikuwa akimwambia.

Naye alicheka tu, hakueleza.

Tangu afe, hakuna aliyekivua tena kitambaa hicho. Vitu vya marehemu huheshimiwa.

Adélaïde aliwasha mashine. Alikaa, akasubiri, akabofya wimbo. Gitaa likaanza. Sauti ya Népomuscène ikajaza chumba, nzito na tulivu. Adélaïde alifumba macho.

Tup!

Sauti ikakatika katikati ya neno. Kioo kikawa cheusi.

"Wee Yezu! Tena?" Adélaïde alipiga mapaja. "Mélissa! Mélissa we! Njoo uone hii mashine ya baba yako!"

Mélissa, binti yake, alikuja akiwa na mswaki mdomoni. Aliangalia taa ya dari. Ilikuwa inawaka.

"Umeme uko, Mama."

"Najua umeme uko! Si niko naona? Wiki nzima ni hivyo hivyo. Inaimba kidogo, inakufa. Inaimba kidogo, inakufa. Sijawahi kufika mwisho wa wimbo."

Mélissa alibonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi. Maandishi meupe yakatokea kwenye kioo cheusi. Papo hapo Mélissa akabonyeza kibodi, maandishi yakatoweka.

"Ilisema nini?" mama aliuliza.

"Sijui. Ni Kiingereza. Nimeshafunga."

"Umefanya vizuri. Yananiudhi hayo maneno."

Ndivyo walivyozoea. Katika nyumba hiyo ujumbe wa mashine ulikuwa kama mchuuzi mlangoni. Unamwambia "leo apana" kabla hajafungua mfuko wake.

Mara mlango ukagongwa. Aliingia Révérien, mdogo wake marehemu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye ndiye aliyesimamia shughuli yote ya Jumamosi, na tangu Jumatatu alikuwa akitembea kama mtu anayekimbizwa.

"Shemeji, wimbo uko wapi? Kijana wa muziki anausubiri. Nimeleta flashi." Alitoa mfukoni kifaa kidogo cha kubebea faili, akainama chini ya meza, akainua kitambaa, akaichomeka flashi kwenye mashine. Adélaïde akakishusha kitambaa vizuri, akakinyoosha pembe zake.

Walipoanza kunakili wimbo, kioo kikawa cheusi tena.

"Hii nini sasa?" Révérien aliuliza.

"Ndiyo tabia yake," Adélaïde alijibu kwa uchovu.

"Tabia? Ngoja." Révérien alilipiga sanduku makofi mawili. "Jenereta la dukani mi nalipiga hivi, linawaka."

"Tonton, hii si jenereta!" Mélissa alimwambia baba yake mdogo.

"Vyuma vyote ni ndugu."

Révérien alichomoa waya ukutani, akauchomeka tena kwa nguvu. Alibonyeza kitufe. Maandishi yakatokea, akayafunga haraka. Safari hii mashine haikuendelea. Kilitokea kioo cheusi chenye mstari mwingine wa Kiingereza. Révérien alibonyeza kibodi. Mstari ukarudi. Alibonyeza tena. Mstari ukarudi tena, kama nzi juu ya kidonda.

Révérien akanyooka polepole. "Imekufa," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Shemeji, imekufa. Mi nampigia fundi."

Alitoka nje na simu. Aliporudi, uso wake ulikuwa umetulia kidogo. "Fundi anasema tumupelekee leo. Ataiformati. Jioni itakuwa kama mpya."

"Kuformati ni kufanya nini?" Adélaïde aliuliza.

Révérien alimtazama Mélissa. Mélissa alitazama chini.

"Ni kufuta, Mama. Anafuta vyote, anaanza upya."

"Vyote? Na wimbo?"

Jikoni kulitoka harufu ya maharage yaliyoungua.

"Basi!" Adélaïde alisimama. "Nimechoka! Mashine inanikatia sauti ya mume wangu. Maharage yanaungua. Na sasa mutu anataka kufuta vyote ili iwe kama mpya! Nani amesema mi nataka mpya? Hakuna mutu wa kugusa kitu hapa. Mélissa, kazime jiko. Mi naenda kumuita mama Anouar."

Mama Anouar ni Assia, jirani wa nyumba ya tatu. Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, akaolewa Kanyosha. Hufundisha kompyuta katika kituo kimoja cha ufundi mjini, na siku ya Alhamisi huwa hana darasa. Adélaïde alimkuta anaanika nguo. Hakuona haya kulia mbele yake.

"Twende, Mama Mélissa," Assia alisema. Aliacha nguo nyingine ndani ya beseni.

Sebuleni, Assia aliwasalimu wote. Aliuliza habari za maandalizi. Ndipo alipovuta kiti.

"Sasa nielezeni. Ilianza lini?"

"Wiki hii, nilipoanza kusikiliza wimbo," Adélaïde alijibu. "Zamani tulikuwa hatuiwashi mara nyingi."

"Na inapowaka tena, inasema nini?"

Walitazamana.

"Inasema maneno," Révérien alisema.

"Maneno gani, kaka?"

"Ya Kiingereza."

"Hata ya Kiingereza yana maana yake. Yalisemaje?"

"Tuliyafunga," Mélissa alisema kwa sauti ndogo.

Assia alishusha pumzi ndefu. Hakucheka wala hakukasirika, maana kituoni kwake alisikia jibu hilo kila siku.

"Mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nafunga," alisema. "Mutu anaona maneno ya ghafla, anafikiri ameharibu kitu. Anayafuta upesi kama mutoto aliyemwaga chai. Lakini angalieni. Mgonjwa anafika dispensari, anasema tumbo linaniuma. Muganga anamwambia nyamaza. Atampa dawa gani?"

"Ya kichwa," Mélissa alisema, na Adélaïde akacheka bila kutaka.

"Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mashine hii haikuficha kitu. Nyinyi ndio mlikuwa mnaiziba mdomo." Assia alisogeza kiti karibu na kioo. "Leo hatubonyezi kitu kabla ya kusoma. Na Mélissa, toa simu, piga picha maneno haya. Yakitoweka, tutakuwa nayo."

Mélissa alipiga picha. Kisha wakasoma mstari neno kwa neno. Neno ambalo hawakulijua, Mélissa alilitafuta kwenye simu.

"Inasema haijapata mahali pa kuanzia," Mélissa alisema mwishoni.

"Inasema imekufa?" Assia aliuliza.

"Apana."

"Inasema wimbo umefutika?"

"Apana. Inasema tu haijapata mahali pa kuanzia."

"Vizuri. Basi tusiongeze maneno ambayo haikusema. Swali la pili: kabla ya ujumbe huu, ni kitu gani kilibadilika? Nani aliongeza kitu, nani alitoa kitu?"

"Hakuna," Révérien alisema. "Mi nilipiga kidogo tu."

"Na flashi, Tonton?" Mélissa aliuliza.

"Flashi ni kitu kidogo!"

"Iko wapi?" Assia aliuliza.

Adélaïde aliinua kitambaa. Flashi ilikuwa bado imechomekwa.

"Mashine nyingine za zamani huangalia flashi kwanza," Assia alieleza. "Inaingia mle kutafuta pa kuanzia. Inakuta faili za kaka Révérien tu, inakwama. Tuzime, tuitoe, tuwashe. Tunabadilisha jambo moja tu. Tukibadilisha matano kwa pamoja, hatutajua lipi lilisaidia."

Révérien aliitoa flashi mwenyewe. Adélaïde alirudisha kitambaa mahali pake. Mkono wake ulifanya hivyo bila kufikiri, kama mkono unavyofunga kanga.

Mashine iliwaka. Ikapita ule mstari. Picha ya ziwa ambayo Népomuscène aliiweka kwenye kioo ikatokea.

"Ooo!" Adélaïde alishika kifua.

"Vyuma vyote ni ndugu," Révérien alinong'ona.

"Tusifurahi bado," Assia alisema. "Kuna ugonjwa wa kwanza, ule wa kuzimika. Hatujaujua. Tunakili wimbo kwanza. Kaka, rudisha flashi yako, sasa mashine imeshaanza."

Walifungua faili la wimbo. Walianza kunakili.

Tup!

"Apana! Apana, apana, apana!" Adélaïde alizunguka chumba. "Mi nitaitupa ziwani hii! Nitaibeba kichwani mpaka ufukweni Ruziba, niitupe!"

"Mama, tulia."

"Nimetulia mwaka mzima!"

Assia alimwacha aseme. Alisubiri mpaka akakaa. Kisha akasema, "Sasa itatuambia. Kaka, flashi itoke. Mélissa, washa. Mikono yote mbali na kibodi. Kaka Révérien, na yako."

Révérien akaikunja mikono yake kifuani. Mlio mfupi ukasikika. Maandishi meupe yakatokea, yale yale waliyoyafunga wiki nzima. Yalikuwa mafupi. Mélissa alipiga picha, akaanza kusoma, kidole chake kikining'inia hewani.

"Neno la kwanza ni herufi tatu, silijui. La pili silijui. La tatu..." Akageuka. "Mama, la tatu ni *température*! Limeandikwa karibu sawa na la Kifaransa. Lilikuwa hapo siku zote!"

"Na zile herufi tatu ni prosesa, ubongo wa mashine," Assia alisema. "Inasema ubongo umepata joto kupita kiasi. Inajizima ili isiungue. Haina ukorofi, inajiokoa. Swali sasa ni kwa nini inapata joto."

Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya kitambaa cheupe. Akakiondoa haraka.

"Mama Mélissa, shika hapa."

Adélaïde alishika. Kitambaa kilikuwa cha moto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

"Mashine ina matundu," Assia alisema kwa upole. "Hewa ya baridi inaingia, ya moto inatoka. Kitambaa ni kizuri mashine ikiwa imezimwa. Kinazuia vumbi. Ikiwa inafanya kazi, ni kama kumfunika mutu blanketi mpaka puani saa saba mchana."

Adélaïde aliinama. Alikivua kitambaa. Alikikunja mara mbili, kisha mara nne. Alikiweka kitini, mahali pale pale.

"Alikuwa anakivua kila siku," alisema. "Mi nilidhani anakidharau. Kwa nini hakuniambia?"

"Labda alikwambia, we ukafunga," Révérien alisema.

Adélaïde akakitwaa kile kitambaa, akampiga nacho begani, na wote wakacheka.

Assia alichomoa waya wa umeme. Walisubiri mashine ipoe. Kisha akasema, "Bismillahi," akafungua skurubu za ubavuni. Ndani, vumbi lilikuwa limeshikana kwenye feni kama manyoya ya kondoo.

"Tunahitaji brashi laini ya rangi, mpya na kavu," Assia alisema.

"Hiyo ni kazi yangu!" Révérien aliruka. Alikwenda dukani kwake, akarudi na brashi tatu za ukubwa tofauti. Assia alichagua ndogo. Alizuia feni kwa kidole isizunguke, akapangusa taratibu. Hakutumia maji, wala kitambaa chenye unyevu. Aliwaonya pia: "Waya ukiwa ukutani, musifungue kamwe. Na lile boksi dogo unapoingia umeme, hilo halifunguliwi hata waya ukitolewa. Hilo ni la fundi."

"Si yule fundi wa kufuta?" Adélaïde aliuliza.

"Kuformati kuna siku yake. Lakini ni kung'oa shamba zima kwa sababu ya gugu moja. Fundi yeyote akitaja neno hilo, muulize kwanza: ujumbe umesema nini? Na vitu vyangu utaviweka wapi kabla ya kufuta?"

Walifunga sanduku, wakawasha. Matundu yalipumua. Feni, iliyokuwa ikikoroma, sasa ilivuma kwa sauti ndogo. Révérien alichomeka flashi, akaanza kunakili mwenyewe. Dirisha dogo likatokea katikati ya kioo. Kidole chake kikaruka kwenye mausi.

"Usifunge!" Adélaïde na Mélissa walipiga kelele kwa pamoja.

Révérien alitoa mkono kama aliyeguswa na kaa la moto. "Mazoea, jamani." Akasoma. "Hii ni ya Kifaransa. Inasema nafasi haitoshi kwenye flashi." Akakuna kichwa. "Bon. Ni kweli. Kuna mechi nyingi humu."

"Mechi!" Adélaïde alisema. "Kaka yako akose nafasi kwa ajili ya mechi!"

Révérien alifuta mechi moja. Kisha, akiona macho ya shemeji yake, akafuta zote. Wimbo ukaingia. Assia aliwaambia wauweke na kwenye simu ya Mélissa. Kitu cha thamani hakikai mahali pamoja tu.

Adélaïde alitaka kuusikiliza mpaka mwisho. Lakini umeme wa mtaa mzima ukakatika.

"Hii sasa si mashine," Assia alisema, akainuka kwenda kumalizia nguo zake. Mélissa alimnyoshea mama yake simu, lakini Adélaïde akaikataa; angeusikia wimbo wote Jumamosi, pamoja na watu.

Jumamosi turubai lilijaa. Maneno yalisemwa, sala ikasaliwa, chupa zikafunguliwa. Adélaïde alikaa mbele, amevaa imvutano mpya, vazi la sherehe la kina mama. Assia na mumewe Karimu walikuwa safu ya pili, na Fanta zao mkononi. Révérien alisimama, akatangaza kwamba sasa marehemu mwenyewe ataimba.

Kijana wa muziki alichomeka flashi kwenye kompyuta yake ndogo. Gitaa likaanza. Watu wakanyamaza. Sauti nzito na tulivu ikatoka kwenye spika kubwa, ikaenda mpaka barabarani. Wanakwaya wakaanza kuitikia kwa chini.

Katikati ya wimbo, kijana aliinama. Kitu kilikuwa kimetokea kwenye kioo chake. Aliinua kidole kukifunga.

"Soma kwanza!"

Alikuwa Révérien, aliyesahau kwamba bado ameshika kipaza sauti. Mtaa mzima ulimsikia. Kijana aligutuka, akasoma. "Betri inakaribia kuisha," alisema. Akatafuta waya wa chaja, akauchomeka upesi. Wimbo haukukatika.

Adélaïde hakuwa amesikia ubeti wa mwisho tangu mumewe afe. Sasa aliusikia wote. Gitaa likapiga nyuzi za kumalizia, likatulia. Lakini kurekodi kulikuwa bado kunaendelea. Kikasikika kiti kikisogezwa. Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamke aliyeudhika:

"Népo! Népo we! Chakula kinapoa! Na kitambaa changu umekitupa wapi tena?"

Ikafuata sauti ya mwanamume akicheka karibu kabisa, mpaka mwisho.

Kisha mmoja wa wanakwaya akacheka. Kicheko kikapita safu hadi safu, mpaka turubai lote likatikisika. Révérien alicheka huku akifuta machozi. Adélaïde alijifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika, na Mélissa alipomshika mikono kuitoa, aliona kwamba mama yake naye anacheka.

"Rudisheni mwanzo," Adélaïde alisema. "Na waya usitoke."